Gari Linalokula Betri

Shemeji yangu aliniuzia Toyota Starlet yake kwa bei ya kutupa kwa sababu moja: "inakula betri." Alishanunua betri mpya mbili kwa kufuatana, na ile ya kwanza ilikuwa bado imelala kwenye buti. "Nimechoka, shem," akaniambia. "Wewe unayependa kuchokonoachokonoa, chukua."

Gari lenyewe ni EP82, zile Starlet zilizotoka kati ya 1989 na 1995, injini ya 4E-FE, cc 1,331, gia za mkono. Starlet zilikoma 1999, Vitz ilipoingia, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote leo ina zaidi ya robo karne. Waya zake zimepitia mikono mingi. Redio imebadilishwa, alamu imefungwa ikang'olewa ikafungwa nyingine, na kila aliyeingia aliacha vipande vyake vya nailoni nyeusi na viungo vya kusokota kwa vidole.

Hakuna gari linalokula betri. Kuna betri isiyojazwa vizuri, kuna inayonyonywa usiku wakati mwenye gari amelala, kuna iliyokufa kwa uzee, na kuna betri nzima kabisa ambayo umeme wake haufiki unakotakiwa. Ukiwa nje unaona kitu kilekile kwa yote manne: unageuza funguo, gari linagoma, majirani wanaitwa kusukuma. Na kwa gari la umri huu, kosa haliji peke yake. Unaondoa moja, lililokuwa limejificha nyuma yake linajitokeza, nawe unaona kama fundi amekudanganya. Nilichojifunza kwa Starlet hii ni kuyatenganisha makosa hayo kwa mita ya bei rahisi ya kupimia volti, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Fundi aliyenielekeza ni mzee mmoja wa umeme wa magari pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linasumbua nini?"

"Haliwaki asubuhi, mzee. Wanasema betri."

"Wanasema akina nani? Umepima?"

Sikuwa nimepima, na yeye hakugusa boneti mpaka aliponiuliza maswali yake yote. Linagoma asubuhi tu au hata mchana likiwa la moto? Linagoma kila siku au likilala siku mbili tatu? Likigoma linatoa sauti gani? Hilo la mwisho alitaka niliige kwa mdomo, nami nikaona aibu mbele ya vijana wake, lakini sasa najua kwa nini alisisitiza.

Sauti inakupa nusu ya jibu. Ukigeuza funguo ukasikia tk-tk-tk-tk ya harakaharaka, taa za dashibodi zikififia na kurudi, umeme ni mdogo: betri imeishiwa au terminali, kile kibanio kinachovaa kichwa cha betri, haishiki. Ukisikia "ka!" moja nzito halafu kimya, na taa hazikufifia, solenoidi ya stata (swichi ya sumaku ya ile mota inayozungusha injini iwake) imevuta ila umeme mkubwa haukupita kwenda kwenye mota. Kimya kabisa na taa zinang'aa, tafuta kwenye njia ndogo ya umeme: swichi ya funguo, relei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo) kama ipo, au waya mwembamba unaokwenda kuiamsha stata. Kwa gari la otomatiki ongeza swichi ya gia. Toa kwenye P, weka N, jaribu tena kabla hujampigia mtu simu. Stata ikizunguka kwa kasi yenyewe huku injini haijatikisika, bendeksi (gia ndogo ya stata) haishiki meno ya flaiwili, lile gurudumu la injini. Na ikizungusha injini kwa uvivu, wuuu... wuuu... wuuu, hapo sikio limefika mwisho wake, kwa sababu betri dhaifu, waya mbovu na stata iliyochoka vyote vinalia hivyo. Langu lilikuwa linalia hivyo.

Kipimo cha kwanza ni cha asubuhi, gari halijaguswa. Betri ya gari ina seli 6, kila moja ikijaa inatoa kama volti 2.1, kwa hiyo betri nzima iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu hivi. 12.2 ni nusu. 12.0 imebaki kidogo sana, ingawa kwa macho namba hizo zinakaribiana mno. Ndiyo maana ile taa ya kupimia ya mafundi, balbu yenye waya mbili, haiwezi kukuambia hali ya betri: inawaka vizuri kwenye 12.6 na inawaka vizuri kwenye 11.9. Usipime mara tu baada ya kuzima gari, maana kunakuwa na chaji ya juujuu inayodanganya. Subiri usiku upite, au washa taa kubwa dakika moja mbili, uzime, kisha pima.

Betri ya kwenye buti tuliichaji, ikalala, ikasoma 10.4. Namba hiyo inatisha, ila inaeleweka: toa volti 2.1 kwenye 12.6 unabaki na 10.5. Seli moja imekufa. Mzee alifungua vifuniko akaingiza haidromita, ile bomba ya kioo yenye kielea ndani inayopima uzito wa asidi. Seli tano zilisoma karibu 1.25, ya sita kielea kilikaa chini kabisa. Betri ya namna hiyo hata uichaji wiki nzima ni kupoteza umeme wa watu. Iliyokuwa kwenye gari ilisoma 12.1, tukaipeleka kwa wachaji betri wa barabarani ikalala huko. Asubuhi ikasoma 12.6. Nzima. Shemeji alikuwa njiani kuitupa nayo.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hulipuuza. Betri iliyoishiwa kabisa haifai kuachiwa altaneta, mashine ya kuzalisha umeme wa gari, iijaze. Watu wanabusti gari (wanaliwasha kwa umeme wa gari jingine), wanazunguka mtaani dakika ishirini, wanazima wakiamini imejaa. Haijajaa. Betri ndogo ya saizi ya NS40 inabeba kama ampea-saa 35, yaani ampea moja kwa saa 35. Ikiwa tupu inahitaji saa nyingi za chaji ya polepole, na altaneta kuukuu ukiilazimisha kutoa kila ilichonacho kwenye foleni na joto la Dar, unaimaliza na yenyewe. Wachaji wa barabarani wenye betri zao zimepangwa juu ya mbao ni watu wa maana sana. Unawaachia jioni unachukua asubuhi, kwa bei ambayo hailingani hata kidogo na altaneta mpya.

Kipimo cha pili ni wakati wa kupiga stata, na hiki ndicho kilichofichua siri ya gari langu. Mita inabaki kwenye betri, mtu mwingine anapiga stata, wewe unatazama namba. Kwa hali ya hewa yetu betri nzima isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka mpaka 8 au 7, ama betri ni dhaifu ama stata imekaza na inavuta kupita kiasi. Yangu haikushuka hivyo. Ilibaki 11.4, na bado stata ilikuwa inazunguka kwa uvivu uleule.

Fikiria hapo. Betri iko 11.4, yaani haijaelemewa, lakini stata inalalamika njaa. Umeme unapotelea katikati.

Mzee alichukua mita, ncha moja ya waya wake akaigusisha kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, siyo kwenye terminali iliyokivaa, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. "Piga." Nikapiga. Mita ikasoma 1.8. Akaniambia njia ya hasi, kutoka injini mpaka kwenye betri, isizidi volti 0.2. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha chanya mpaka kwenye boliti kubwa ya stata, ukizidi 0.5 una tatizo. Mimi nilikuwa napoteza karibu volti mbili nzima kwenye waya wa athi, huo wa hasi unaounganisha betri na injini. Stata ya gari dogo ikivuta ampea 120, hizo volti 1.8 ni zaidi ya wati 200 za joto zinazochomwa mahali fulani kila ukipiga stata. "Weka mkono uone," akasema. Waya ulikuwa baridi mwanzoni, lakini mwisho wake kwenye gieboksi ulikuwa wa moto.

Tuliufungua. Boliti ilitoka na kutu, na chini ya kichwa chake palikuwa na rangi ambayo mtu fulani alipuliza gieboksi bila kuziba mahali pa athi. Waya wenyewe ulikuwa umevimba chini ya plastiki. Mzee alipoupasua kwa wembe, nyuzi za shaba zilikuwa za kijani, zinavunjika kwa kucha. Upande wa betri, terminali ilikuwa kubwa kuliko kichwa, kwa sababu betri za NS40 zinauzwa za vichwa vyembamba na vya vichwa vinene, na aliyemfungia shemeji alitatua tofauti hiyo kwa kuchomeka msumari. Msumari wa inchi tatu, umekunjwa, umezungukwa na unga mweupe. Nyie mnaonunua betri, tazameni vichwa kabla hamjatoka dukani. Saizi hiyohiyo ikiwa na herufi S mwishoni, NS40ZLS kwa mfano, ina vichwa vinene. Isiyo na S ina vyembamba.

Kama huna mita, kuna njia ya haraka. Chukua waya wa kubusti, funga ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na mkanda na feni, kisha piga stata. Likizunguka kwa nguvu, mchawi ni athi. Mzee aliniambia dalili nyingine ya athi iliyokufa kabisa: umeme wa stata ukikosa njia unatafuta chuma chochote kinachounganisha injini na bodi, na mara nyingi ni waya wa mafuta, ule unaovutwa na pedali. Unapata moto mpaka plastiki yake inaungua, pedali inakuwa ngumu, na mwenye gari anakwenda kununua waya wa mafuta. Ukikuta waya wa mafuta umeungua ndani bila sababu, usihangaike na waya. Angalia athi.

Dawa ilikuwa rahisi. Tulikata kipande cha waya wa kuchomelea, ule mnene wa mafundi welda, tukaweka vichwa vipya vya shaba vilivyobanwa na kuchomwa risasi, tukapiga msasa gieboksi mpaka chuma kikang'aa, na tukaongeza waya wa pili mfupi kutoka hasi ya betri mpaka kwenye bodi. Unga wa kwenye vichwa tuliuosha kwa maji ya moto yenye magadi, tukakausha, tukafunga terminali za saizi yake, mwisho grisi kidogo kwa nje. Ukioshea magadi hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, maana magadi yakiingia kwenye seli yanaua asidi iliyomo. Tulipopiga tena, mita upande wa hasi ilisoma 0.15 na injini ilishika kabla sijaachia funguo vizuri.

Kipimo cha tatu ni gari likiwa linaunguruma. Kwenye vichwa vya betri unataka kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipanda juu ya 15, regyuleta (kidhibiti cha volti cha altaneta) imekufa na betri inapikwa: utasikia harufu ya mayai yaliyooza, maji yataisha kila mara, balbu zitaungua bila mpangilio. Kabla hatujabadilisha athi mzee alikuwa ameshapima hiki pia, na namba zake zilinifungua macho. Kwenye altaneta yenyewe, kati ya boliti ya B, pale umeme unapotokea, na mwili wake, tulipata 14.1. Kwenye betri, 13.6. Nusu volti ilikuwa inabaki kwenye waya uleule mbovu, kwa sababu altaneta nayo inapata hasi yake kupitia injini. Nusu volti inaonekana ndogo, lakini kwa betri ni tofauti ya kushiba na kulala njaa. Kwa muda wote ule betri za shemeji hazikuwahi kujaa, na betri ya asidi isiyojaa inajenga ukoko mgumu wa salfati kwenye sahani zake, siku kwa siku, mpaka seli moja inaaga. Waya mmoja ulikuwa unaisumbua stata asubuhi na unaidhulumu betri mchana. Ukichanganya na joto la chini ya boneti, ambalo hula sahani za betri na kukausha maji kuliko baridi ya Ulaya inavyofanya, huna haja ya kumtafuta mchawi.

Kuhusu kuchaji, foleni yenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Altaneta ya gari dogo imeandikwa labda ampea 50, 60 au 70, ila hizo inazitoa injini ikizunguka kwa kasi. Mguu ukitoka kwenye mafuta, unapata nusu au chini ya hapo. Sasa uko Ubungo saa moja jioni, mvua inanyesha, taa kubwa mbili zinakula karibu ampea 10, feni ya rejeta imewaka, kipepeo cha AC kimefunguliwa, waipa zinakwenda, redio inaimba. Hapo betri inachangia, haichangiwi. Pima ukiwa na mizigo yote imewashwa. Ikisoma 13.2 na ukikanyaga mafuta kidogo ikapanda kufika karibu 14, altaneta ni nzima na mazingira ndiyo magumu. Ukikanyaga na haipandi, tazama mkanda kwanza. Sukuma kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu. Ukizama kama sentimita moja uko sawa, zaidi sana umelegea. Mkanda unaolia "wiii" ukiwasha taa asubuhi yenye unyevu umeshatoa ripoti yake wenyewe.

Na tafadhali, yeyote akikufungulia terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma ili "aone kama inachaji", mshike mkono. Gereji moja ilimfanyia hivyo jirani yangu na wakamwambia gari zima, kwa kuwa halikuzima. Tabia hiyo inatoka enzi za dainamo, mashine iliyokuwepo kabla ya altaneta. Altaneta ikikatiwa betri ghafla wakati inasukuma umeme, volti zinaweza kuruka makumi juu kwa kufumba na kufumbua, na regyuleta, dayodi na kompyuta ya injini vyote viko njiani. Jirani alianza kununua vitu wiki hiyohiyo. Mita ipo, haivunji kitu.

Dayodi zina tabia zake. Moja ikifa, taa ya betri kwenye dashibodi inaweza kuwaka kwa kufifia sana, unaiona usiku tu, na taa kubwa zinatetemeka injini ikiwa chini. Weka mita kwenye volti za AC (umeme wa kupanda na kushuka, siyo kipoza hewa), pima kwenye betri gari likiwa linaunguruma na taa zimewashwa. Ikizidi nusu volti, altaneta inavujisha umeme wa kupanda na kushuka ambao dayodi zilitakiwa kuunyoosha. Dayodi inayovuja inaweza pia kuinyonya betri usiku, na ukigusa altaneta alfajiri kabla hujawasha gari unaikuta ina uvuguvugu. Mimi sikuikuta hivyo. Ila altaneta inayochaji leo, kesho haichaji, ukiigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi inachaji tena, mara nyingi ni kaboni, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Za Denso, kampuni ya Kijapani ya vipuri, zikiwa mpya huchomoza karibu milimita 10, na zikifika 1.5 zimekwisha. Kaboni ni bei ya soda mbili tatu, lakini watu wanabadilisha altaneta nzima.

Basi athi ikawa mpya, chaji ikafika 14.1 kwenye betri, nikapumzika. Kwa wiki za mwanzo gari liliwaka kila asubuhi. Kisha likaanza kugoma Jumatatu. Jumanne hadi Ijumaa halina neno, Jumatatu tk-tk-tk.

Mwisho wa wiki situmii gari. Hapo nikakumbuka swali la mzee la kulala siku mbili tatu, na nikajua hiki ni kisa kingine. Nilitoa terminali ya hasi, nikaweka mita katikati ya terminali na kichwa cha betri, waya kwenye tundu la ampea 10, milango imefungwa, funguo iko mfukoni, nikasubiri dakika kadhaa kila kitu kilale. Ukifanya hivi usiguse stata wala kuwasha taa kubwa, utaunguza fyuzi ya mita. Kwa gari kama hili, kinachobaki kikivutwa usiku, saa na kumbukumbu ya redio, kisizidi ampea 0.05. Mita ilisoma 0.38. Piga hesabu: Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 60. Mara 0.38 ni karibu ampea-saa 23, kutoka betri ya 35 ambayo nayo siyo mpya. Siku za kazi ilikuwa inapoteza nne au tano kwa usiku mmoja, na safari ya mchana inazirudisha. Ndiyo maana Jumanne haikuwa na kosa.

Kisha ni kung'oa fyuzi moja moja na kutazama mita. Ya redio ilipotoka, namba ikadondoka mpaka 0.03. Nyuma ya redio nilikuta waya wa bluu unaoamsha amplifaya umesokotwa pamoja na waya wa njano, ule wa umeme wa kudumu. Amplifaya chini ya kiti ilikuwa macho usiku na mchana, bila wimbo. Nilihamishia waya wa bluu kwenye njia yake, sentimita chache za kazi. Nilipompigia shemeji akacheka sana. "Hiyo amplifaya nilifunga mwenyewe, shem," akasema, na tarehe aliyonitajia ilikuwa kabla kidogo ya betri ya kwanza kufa.

Watu husema stata ndiyo inayomaliza betri, na hesabu inakataa. Ampea 150 kwa sekunde tatu ni ampea-saa 0.125 tu. Amplifaya ile ilikuwa inakula zaidi ya hapo kila nusu saa.

Kisa cha tatu kilijitokeza baadaye sana: "ka!" moja, taa haziyumbi, kimya. Ukirudia mara nne tano linawaka kama halijawahi kugoma. Stata za Denso zenye gia ndani, zinazofungwa kwenye Toyota nyingi za enzi hizo, zinajulikana kwa ugonjwa huu, na kabla ya kumwamini yeyote nilipima: wakati wa "ka!", waya mwembamba wa kuamsha ulikuwa na volti 11 na zaidi, na boliti kubwa ya stata ilikuwa na 12 kamili. Umeme umefika mlangoni, mlango haufunguki. Ungekuwa chini ya volti 8 kwenye waya mwembamba ningeilaumu swichi ya funguo, ambayo kwa magari haya huchoka, na dawa yake ni kufunga relei ili swichi ibebe umeme mdogo tu.

Tulishusha stata tukafungua kifuniko cha solenoidi. Ndani kuna vipande viwili vya shaba vyenye umbo la L, na pistoni yenye sahani ya shaba inayokuja kuviunganisha. Kipande cha upande wa mota kilikuwa bado kinene. Cha upande wa betri kilikuwa kimelika kwa mshazari, kingo imebaki kama ukucha, nyeusi, na sahani ya pistoni ina shimo lililochimbika mahali inapogonga. Ikijizungusha kidogo inagusa mahali pazima, gari linawaka. Ikirudi kwenye shimo, "ka!" na kimya. Kijana mmoja akaniambia, "Bosi, chukua stata ya mtumba, nyingine kabisa." Mzee akamtazama juu ya miwani yake bila neno. Vipande vya shaba vinauzwa peke yake, wengine wanachonga kutoka kwenye bamba la shaba, na pistoni unaweza kuipiga msasa ikalala bapa. Tulibadilisha vyote viwili, tukapaka grisi kidogo kwenye gia, tukarudisha. Nyundo, ambayo kila dereva wa Dar anaijua kama dawa ya stata, inaweza kusaidia kaboni zilizokwama ziguse tena kwa siku moja. Shaba iliyolika haiponi kwa nyundo.

Ikiwa itafika mahali lazima ununue altaneta au stata ya mtumba, nenda na ya kwako mkononi. Altaneta mbili zinaweza kufanana kila kitu zikatofautiana soketi, moja ya mviringo na nyingine bapa, au puli ikawa na mifereji mingi kuliko mkanda wako. Izungushe kwa mkono usikilize beringi. Ikikwaruza rudisha. Chungulia kaboni kama kifuniko cha nyuma kinafunguka. Muuzaji mwenye benchi la majaribio mwambie aizungushe mbele yako na mita iwe yako, siyo yake. Garantii ya mtumba ni ya mdomo, kwa hiyo siku niliyonunua ya kwangu niliuliza mapema, na muuzaji wa Gerezani alinijibu bila kupepesa macho: "Bosi, funga leo, washa leo. Ikigoma leo nakubadilishia. Kesho mimi sikujui."

Niliifunga palepale barabarani.